Kushuka Ndiyo Ngoma: Tairi la Baiskeli na Mteremko wa Moramu

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii mtoto wa Kiswahili huisikia kabla hajang'oa jino la kwanza, na wengi wetu tumezoea kuwapigia wakubwa waliokwea vyeo wakasahau njia ya kurudi. Leo, msomaji wangu, nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani kupanda na kushuka. Nataka tuzungumze juu ya baiskeli, na katika baiskeli nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja tu, nacho ni tairi, linapoteremka mlima usiotiwa lami.

Huenda ukaniuliza, ukurasa wa utamaduni una haja gani na tairi? Jawabu langu ni kwamba baiskeli imo ndani ya maisha yetu kama ulivyomo mkeka na mbuzi ya kukunia nazi. Hapa Mombasa baiskeli ndiyo iliyotuletea mkate alfajiri na madafu adhuhuri. Kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wenye baiskeli waliokuwa wakivusha watu ndio waliotuzalia neno boda boda, kabla pikipiki hazijalirithi jina na kazi yake. Na ni nani aliyekulia nchi hii asiyeijua Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi, yenye keria ya chuma iliyoweza kuchukua gunia la mahindi, mke na mtoto kwa safari moja?

Lakini siku hizi imeingia baiskeli ya namna nyingine. Ni ile ya mbio, nyepesi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na matairi membamba kama kidole. Nyingi huja katika mitumba kutoka Ulaya. Kijana huinunua, akaipenda, akaivalisha kengele, kisha akaenda nayo kwao. Na kwao, mara nyingi, hakuna lami. Hapo ndipo ngoma inapoanza.

MWALIMU NA IJUMAA YAKE

Mpwa wangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi huko juu katika milima ya Taita. Mkewe na wanawe wawili wanakaa Voi. Mwenye kuijua Taita anajua umbali uliopo baina ya pahala hapa pawili, na wala sisemi umbali wa maili. Voi iko tambarare, chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300. Na kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote huko, kinafika mita 2,208. Ipo barabara ya lami inayopanda kutoka Mwatate, lakini shule nyingi na mashamba mengi yako mbali nayo, kwenye njia za moramu zilizokata mbavu za milima kwa kona zisizokwisha.

Basi mwalimu huyu kila Ijumaa jioni hupanda baiskeli yake ya mbio akateremka kwenda kwa watoto wake. Jumatatu hurudi kwa matatu, baiskeli imefungwa juu ya keria. Kwa hivyo baiskeli yake haijui kupanda. Kazi yake maishani ni kushuka tu.

Juzi alinipigia simu. "Shikamoo mjomba," akasema. Nikamwitikia marahaba. "Matairi yangu yamekwisha, nyuzi zinaonekana. Nitafutie huko Mombasa mengine kama haya haya, ya milimita 23. Membamba ndiyo yenye mbio."

"Mbio za kwenda wapi, mwanangu?" nikamwuliza.

Akacheka, akafikiri ni mzaha wa mjomba mshairi. Lakini mimi sikuwa nikitania. Nilikuwa nikiwaza wale watoto wawili wanaomngojea mlangoni kila Ijumaa magharibi. Nikakata shauri kwamba kabla ya kununua chochote nitakwenda kwa fundi ninayemwamini, mzee aliyetengeneza baiskeli tangu mimi nikiwa kijana, nimwulize tairi la kushukia mlima huchaguliwaje.

Fundi aliniangalia, akafuta mikono, akasema: "Lami ni sakafu. Moramu ni sakafu iliyomwagwa kunde juu yake. Mwambie mwalimu akimbie juu ya kunde kwanza kwa miguu, kisha aje aniambie anataka tairi gani."

WEMBAMBA SI MBIO

Maneno yale yana elimu nzima ndani yake. Barabara ya moramu iliyoshindiliwa na magari huwa ngumu chini, na juu yake hukaa tabaka la changarawe lisiloshikana. Tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa kama jiwe hugusa ardhi kwa sehemu ndogo mno. Likikanyaga kokoto haliizungushii mwili wake, bali huruka. Na tairi lililo hewani, hata kama ni kwa unene wa ukucha, halina breki wala halina usukani. Katika nchi tambarare kuruka huko ni adha ya makalio tu. Katika kona ya mlima yenye korongo upande wa kushoto ni jambo jingine.

Tairi pana lenye upepo wa kiasi hufanya kinyume chake. Hulegea, likaimeza kokoto, likaendelea kushika ardhi. Jambo la ajabu ni kwamba halipotezi mbio kama watu wanavyodhani. Mtikisiko wenyewe hula nguvu. Kila mara baiskeli na mpandaji wanaporushwa juu, mwendo unapungua. Wakimbiaji wa Ulaya walishikilia milimita 23 na chini yake kwa miaka mingi sana, lakini leo wengi wao wamehamia 28 na zaidi, na hao wanakimbia juu ya lami safi. Katika mashindano ya Strade Bianche, yaliyoanza mwaka 2007 huko Toscana nchini Italia, ambamo baiskeli za mbio hupita kwenye njia nyeupe za changarawe, zinazopanda na kushuka vilima, hutamwona bingwa anayejivunia wembamba wa tairi lake.

Hesabu yake ni rahisi. Hewa iliyomo ndani ya tairi huongezeka takriban kwa mraba wa upana wake. Tairi la milimita 40 halizidi lile la 28 hata kwa nusu ya upana, lakini hubeba hewa mara mbili. Hewa hiyo ndiyo godoro baina ya rimu yako na mawe ya Taita, ambayo ni mawe ya kale, magumu, yenye ncha.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Chuoni tulifundishwa kusoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, na aliyerukia mbele alijua fimbo iko wapi. Nawaomba vijana wasome ubavu wa tairi kwa namna ile ile, kwani humo mna mtego uliowanasa wengi.

Tairi la Black Mamba limeandikwa 28 x 1½. Tairi la baiskeli ya mbio huandikwa 700 x 28C. Mtu akiona 28 hapa na 28 pale hudhani ni mamoja, na mwuza duka asiyejua kazi yake humkubalia. Si mamoja hata kidogo. Ile 28 ya kwanza ni inchi, na ni kimo cha gurudumu zima. Ile ya pili ni milimita, na ni upana wa tairi tu. Ndiyo maana zikawekwa nambari nyingine zisizodanganya, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni: 40-635 kwa Black Mamba, na 28-622 kwa ile ya mbio. Nambari ya mwisho ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tairi la 635 juu ya rimu ya 622 limezidi kwa milimita 13. Halitakaa sawasawa, na likijazwa upepo litachomoka. Zipo pia baiskeli za zamani za 27 x 1¼, ambazo nambari yake ya kweli ni 630, nazo haziingiliani na hizo mbili. Kwa hivyo usimwambie mwenye duka "nipe ishirini na nane." Mwambie nambari mbili zote, na uzione kwa macho yako.

Baada ya nambari, tazama nafasi iliyomo ndani ya fremu. Hapa ndipo ndoto nyingi hufia. Baiskeli za mbio za zamani, zenye breki zinazobana rimu, nyingi hazikubali tairi zaidi ya milimita 25 au 28, kwani breki yenyewe humkaba koo. Zile mpya zenye breki za sahani huweza kuchukua 32, na nyingine hata 38. Tairi huwa halilingani daima na nambari yake. Likivalishwa rimu pana nalo hupanuka. Fundi hutaka aone walau milimita 4 za uwazi kila upande, kwa sababu ya tope na kokoto zinazonata. Kokoto ikikwama baina ya tairi na fremu gurudumu litakwaruzwa au litasimama, na gurudumu la mbele likisimama mteremkoni mpandaji hatasimama pamoja nalo.

UPEPO

Sasa tufike kwenye jambo lisilogharimu kitu, ambalo kwa hivyo hudharauliwa. Ule upepo wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka, si amri. Ni sawa na kusema mtungi huu unachukua ratili mia. Hukuambiwa uchukue mia kila siku.

Kwa mtu wa kilo kama 70 anayeshuka moramu, fundi wangu huanzia na PSI 60 hivi kwa tairi la milimita 28. Kwa la 32 huanzia 45 hadi 50. Kwa la 40 huanzia 30 hadi 35. Mzito huongeza kidogo, mwepesi hupunguza kidogo. Tairi la nyuma huongezewa PSI chache kuliko la mbele kwa kuwa ndilo linalobeba mwili. Lakini tofauti isiwe kubwa kwa mtu wa milimani, maana anapofunga breki akishuka uzito wote hukimbilia mbele.

Upepo ukipungua mno nao ni hatari yake. Tairi likigonga jiwe hubanwa mpaka rimu ikaikata tyubu kwa matundu mawili yaliyokabiliana, kama alama ya meno ya nyoka. Katika kona, tairi lililolegea hupindapinda chini ya mpandaji kama mtu aliyelewa. Kwa hivyo pampu yenye kipimo ni bora kuliko kidole gumba. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha PSI 60 na 80, na hiyo ndiyo tofauti baina ya kushika na kuteleza.

Yapo pia matairi yasiyotumia tyubu, ambayo ndani yake hutiwa maji mazito yanayofanya kazi kama utomvu wa mti. Mwiba ukitoboa, utomvu hutoka, hukutana na hewa, hugandamana na kuziba tundu. Kwa nchi ya miiba ya migunga kama ile tambarare ya Voi hii ni neema kubwa, na kwa kuwa hakuna tyubu ya kukatwa, upepo huweza kupunguzwa zaidi. Lakini sharti rimu na tairi vyote viwe vimetengenezwa kwa kazi hiyo, na utomvu wenyewe hukauka upesi katika joto letu, kwa hivyo huongezwa kila baada ya miezi michache. Mwenye rimu za kisasa zisizo na kulabu za kushika tairi naye asivuke PSI 72 hata kidogo, na achague tairi lililoruhusiwa kwa rimu hizo.

MENO, UBAVU NA NYUZI

Vijana hupenda tairi lenye meno makubwa, kwani huonekana kali. Meno yana mahali pake. Juu ya moramu kavu iliyoshindiliwa, tairi lililo laini katikati na lenye vijino vidogo pembeni hutosha. Katikati huteleza kwa wepesi kwenye njia iliyonyooka, na vile vijino hushika unapolala kwenye kona. Meno makubwa yana faida pale changarawe inapokuwa nene na huru. Na kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua hakuna tairi la baiskeli ya mbio lenye dawa. Udongo hujaa mara moja, meno hayaonekani, na umebaki na matairi mawili ya ufinyanzi.

La muhimu zaidi kuliko meno ni ubavu. Lami hula tairi katikati. Mawe ya mlimani hulila ubavuni. Matairi mepesi mno ya mashindano huwa na ubavu mwororo kama kanzu ya melimeli, mzuri kwa kukimbilia, na jiwe moja lenye ncha hulipasua. Tafuta lile lililoongezewa kitambaa cha kinga mbavuni, hata likizidi uzito kwa gramu mia. Na katika mkoba wako chukua tyubu ya akiba, kiraka, solusheni, na kipande cha tairi kuukuu cha ukubwa wa kiganja, ambacho hutiwa kwa ndani kuziba mpasuko mpaka ufike nyumbani.

Jambo jingine aliloniambia fundi: ukiwa na fedha ya tairi moja jema tu, livalishe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mpandaji huyumba na mara nyingi hujirudisha. La mbele likiteleza, hujikuta chini kabla hajapiga bismillahi.

MOTO WA BREKI

Watu husahau kwamba kushuka huzaa moto. Mpandaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 85 kwa jumla, wakishuka kimo cha mita 800, nguvu ya mteremko huo ikigeuzwa yote kuwa joto hutosha kuchemsha lita 2 za maji. Kwenye lami sehemu kubwa ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo kwa sababu ya mwendo wa kasi. Kwenye moramu, ambapo mtu hushuka polepole huku ameshika breki, sehemu kubwa zaidi hubaki kwenye breki.

Breki ikiwa ya sahani, sahani ndiyo inayoungua. Ikiwa ni ya kubana rimu, joto huingia kwenye rimu, na jirani ya rimu ni tyubu. Hewa ya ndani hupanda, kiraka kibovu huachia, na tyubu zile nyepesi za mpira wa asili huweza kupasuka. Kwa hivyo mwenye breki za rimu asivae tyubu hizo kwa safari ya mlimani, asijaze upepo mpaka mwisho kabla ya kushuka, na asiburuze breki mfululizo. Aibane kwa nguvu kabla ya kona, kisha aiachie ipoe. Na njiani asimame, anywe maji, aitazame nchi. Taita haichoshi macho.

WALIOTUTANGULIA

Haya si mambo mapya. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, alilitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asitikiswe na mawe ya njiani. Msomaji na aliangalie hilo: tairi la upepo lilizaliwa kwa huruma ya mzazi, si kwa tamaa ya mbio. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Michelin, wakaleta tairi linalovuliwa na kuvalishwa upesi, na mwaka huo huo Charles Terront akashinda nalo safari ya Paris hadi Brest na kurudi.

Mwaka 1910 Tour de France ilipelekwa kwa mara ya kwanza katika milima mirefu ya Pyrenees, na kupandishwa Tourmalet, wenye kimo cha mita 2,115. Wakati huo hapakuwa na lami huko. Zilikuwa ni njia za mawe na tope. Wakimbiaji walivaa matairi ya akiba mabegani, wameyakunja mfano wa nambari nane, na kila mtu alijitengenezea mwenyewe. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa baiskeli akishuka mlima huo huo. Aliibeba baiskeli begani kwa miguu mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuufua uma kwa mikono yake, kisha akatiwa adhabu kwa sababu mtoto alimsaidia kuvuta mivukuto. Naye pia alipatikana katika kushuka.

Na kipo kisa cha mwaka 1951 cha Mholanzi Wim van Est. Siku moja tu baada ya kuvishwa fulana ya manjano ya kiongozi wa Tour, alitoka nje ya barabara akishuka mlima wa Aubisque na kuporomoka kiasi cha mita 70 korongoni. Husimuliwa kwamba kamba iliyopatikana ilikuwa fupi, hivyo wenzake wakafunganisha matairi ya akiba ya timu nzima, kama 40 hivi, wakamvuta juu akiwa hai. Matairi yakanyooka yasiweze kuvaliwa tena, na timu ikarudi kwao. Sijui kisa kingine ambamo tairi limemwokoa mtu kwa njia hiyo. Sisi wengine yatupasa lituokoe likiwa bado kwenye gurudumu.

WETU WENYEWE

Hapa kwetu mashindano ya baiskeli kwenye njia za vumbi yamepata jina. Mwaka 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza yale ya Migration Gravel Race katika nchi ya Wamaasai, kilomita 650 kwa siku 4, na wageni kutoka ng'ambo wakajifunza moramu yetu ni kitu gani. Katika waliokuwa mstari wa mbele kuinua mchezo huu alikuwa Suleiman Kangangi, Mkenya aliyetoka wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017 na kuwa nahodha wa Team Amani. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mashindano ya njia za vumbi huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Simtaji ili kulaumu tairi wala mtu. Namtaja kwa kuwa alikuwa stadi kuliko mimi, wewe na mpwa wangu tukiunganishwa pamoja, na mwendo wa kasi juu ya njia ya vumbi haukumstahi. Anayeshuka Ijumaa jioni akiwa na daftari za wanafunzi mgongoni hana daktari anayemfuata nyuma kwa gari.

SHAURI TULILOKATA

Fremu ya mwalimu ilipimwa. Haikubali zaidi ya milimita 28, nayo ni ya breki za rimu. Kwa hivyo nimemnunulia matairi mawili ya 28-622, yenye ubavu wa kinga, laini katikati na vijino pembeni, pamoja na tyubu nene za kawaida na pampu yenye kipimo. Upepo ni PSI 62 nyuma na 58 mbele. Ni nafuu kubwa kuliko yale 23 aliyoyataka, kwani hewa imeongezeka karibu nusu nzima.

Lakini fundi hakunificha. Alisema tairi la 28 linafaa kwa moramu kavu iliyoshindiliwa tu. Penye changarawe nene mwalimu ashuke aikokote baiskeli, na siku za masika na za vuli ateremke kwa matatu. Akitaka kushuka mwaka mzima, basi asiongeze fedha kwenye tairi. Auze hiyo baiskeli ya mbio anunue yenye fremu inayokubali 38 au 40. "Tairi," alisema, "haliwezi kuwa kubwa kuliko nyumba yake."

Nilipomweleza mpwa wangu hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, si nitachelewa kufika?" Nikamwambia watoto wake wamekwisha zoea kungoja mpaka magharibi, na wakingoja mpaka isha hawatakufa. Nikamtilia na ubeti mmoja ndani ya kifurushi cha matairi, ambao nakupa na wewe, msomaji, uwapelekee walio na vijana wenye haraka:

Ewe mpandaji bora, kileleni ulofika,
Usione barabara, ukadhani meokoka,
Tairi finyu hasara, kokotoni huponyoka,
Kupanda kwataka ghera, akili ni ya kushuka.

Kifurushi kimekwenda na basi la jana asubuhi. Ijumaa ni keshokutwa.